Kabla ya Marumaru

Mtu akiingia katika nyumba iliyowekwa marumaru karibuni, hutazama chini mara moja, husifu rangi, na pengine huuliza bei ya boksi moja. Sijapata kumsikia mgeni akiuliza ni kitu gani kilifanyika juu ya sakafu ile kabla kipande cha kwanza hakijalazwa. Hata wenye nyumba wengi hawaulizi. Mafundi wanalijua jambo hilo siku nyingi, na ndiyo sababu kazi inayorukwa kwa urahisi kuliko zote katika ujenzi ni ile ambayo mwishowe itafunikwa.

Nasema marumaru kama tusemavyo sote hapa Dar es Salaam, ingawa marumaru hasa ni jiwe, na hizi zetu ni vigae vya udongo uliochomwa kwa moto mkali. Zamani ziliagizwa kutoka ng'ambo na zilikuwa za wenye nazo. Siku hizi zinatengenezwa Mkuranga, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Chamazi, na Chalinze pia. Kwa hiyo nyumba isiyo na marumaru imeanza kuonekana kama nyumba ambayo haijakwisha, na mpangaji hutazama sakafu kabla hajauliza habari za maji.

Nyumba ninayotaka kuizungumzia ni ile ya wazazi wangu. Baba alinunua kiwanja mwaka 1996, wakati Chamazi ilikuwa bado mikorosho na miembe, na daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Mbande zilikuwa za kusubiriwa kwa subira. Uwanja wa mpira wa Azam, unaoijulisha Chamazi kwa watu wa mbali, ulikuwa haujaota hata katika ndoto. Sakafu ilimwagwa mwaka 1999: kifusi, kisha jamvi la zege, kisha saruji laini ya juu iliyopigwa niru mpaka ikang'aa. Wanawake wa nyumba ile, mimi nikiwa mmoja wao, tuliisugua kwa nta nyekundu miaka mingi, na mtoto aliyekimbia na soksi alianguka.

Mwaka 2021 mdogo wangu wa mwisho, anayeishi jimbo la Minnesota huko Marekani, alituma fedha za kuweka marumaru sebuleni, ukumbini na katika vyumba viwili. Mimi ni mwalimu mstaafu na nakaa jirani, kwa hiyo usimamizi ukaniangukia. Nilidhani kwamba nimepewa kazi ya kununua mabokisi na kuwapikia mafundi chai.

Fundi aliyekuja alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Hakufungua kifaa chochote siku ile isipokuwa nyundo ndogo. Alitembea chumba kwa chumba akigonga sakafu, hatua moja baada ya nyingine, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Penye uzima sauti ilirudi kavu na fupi. Penye uwazi ililia kama ngoma, na hapo alichora duara kwa chaki. Alipomaliza tulikuwa na maduara tisa.

"Mwalimu," aliniambia, "marumaru haina nguvu yake yenyewe. Nguvu yake ni ya kile kilicho chini. Hapa pote panapolia ngoma, ukiweka juu utasikia mlio ule ule, kisha utasikia mpasuko."

Nilimwuliza kama haiwezekani kuongeza gundi tu. Akamwaga kijiko cha maji juu ya niru. Maji yalikaa pale kama shanga, hayakunywewa. Hiyo ilikuwa nta yetu ya miaka ishirini. Gundi ya vigae, iwe ya mfuko au ya saruji na mchanga tu, hushika kwa kuingia katika vitundu vidogo vya sakafu. Penye nta na niru iliyolainishwa mno hakuna vitundu vya kuingia. Kwa hiyo sakafu nzima ilibidi idonolewe kwa tindo na nyundo, alama moja kila baada ya vidole viwili vitatu, mpaka iwe na uso wa chapati iliyotobolewa kwa uma, kisha isuguliwe kwa brashi ya waya, ifagiliwe, ioshwe na ifagiliwe tena. Kazi hiyo peke yake ilikula siku tatu, na vumbi lake lilifika mpaka ndani ya sukari.

Nilipompigia mdogo wangu simu kumweleza kwa nini fedha zinatumika na hakuna hata kigae kimoja chini, alicheka. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa ametoka kufanya kazi ya namna hiyo katika jiko la nyumba yake, isipokuwa sakafu yake ni ya mbao, na imepata karibu miaka mia moja. Akageuza simu ili nione. Nilistaajabu, maana kwetu mbao ni ya paa na milango; sakafu ya mbao nilikuwa nikiisikia katika hadithi tu.

Alinieleza kwamba ubao haulali kimya. Wakati wa baridi, nyumba inapotiwa joto na hewa ikakauka, ubao hunywea. Wakati wa kiangazi chao chenye unyevu, hutanuka. Ubao wa upana wa sentimita 10 waweza kubadilika hata kwa milimita moja, na zikiwa mbao thelathini zimepangwa bega kwa bega, hesabu unaiona mwenyewe. Tena sakafu ile imelala juu ya boriti, na mtu akipita inapinda kidogo. Kigae hakijui kupinda. Wajenzi wa huko wana kipimo chao: boriti zisipinde zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wake. Maana yake ni kwamba boriti yenye nafasi ya mita 3.6 kati ya ukuta na ukuta ikipinda zaidi ya sentimita moja kwa uzito wa watu na vyombo, vigae havitadumu.

Basi yeye alianza kwa kutembea, kama fundi wetu, akisikiliza mbao zinazolia. Kila iliyolia aliikaza kwa skrubu mpaka kwenye boriti. Akashuka chini ya nyumba kutazama boriti zenyewe, akaziongezea viungo vya kuzishikamanisha. Ubao uliooza karibu na sinki aliutoa wote. Juu yake akalaza plaiwudi, akiacha nafasi ya milimita tatu kati ya kipande na kipande ili zipate pa kutanukia. Ndipo akaweka bao za saruji, ambazo huwa kama mpatanishi: chini yake mbao inaendelea na tabia zake, juu yake kigae kinapata uso usiobadilika.

"Dada," alisema, "siku za kuandaa zilikuwa nyingi kuliko za kuweka."

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa njia yao. Nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe wa Unguja zina sakafu zilizobebwa na boriti za mikoko, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na waliojenga hawakumlazimisha mkoko kubeba nafasi asiyoiweza. Chokaa hupitisha unyevu na hustahimili kutikisika kidogo. Mtu akija leo akamwaga zege zito juu ya boriti hizo kuukuu na kuweka vigae, ameziongezea mzigo, tena ameufungia unyevu ndani, na mti uliofungiwa unyevu huoza bila kutoa taarifa.

Narudi Chamazi. Sakafu yetu haikuwa na boriti, lakini ilikuwa na ardhi, na ardhi nayo ina tabia zake. Fundi alibandika vipande vya karatasi ya nailoni chini, akaziba pembe zote kwa utepe wa gundi, akaviacha mpaka kesho yake. Katika vyumba vitatu nailoni ilikuwa kavu. Katika cha nne, kilichopakana na bomba la nje, tulikuta matone yameshikilia upande wa chini. Maji yalikuwa yakipanda kutoka ardhini. Tukafukua, tukakuta kiungo cha bomba kinavuja polepole, tukakibadilisha, na chumba hicho kikaachwa wiki mbili zaidi kikauke.

Ulikuwako pia ufa, uliokatiza sebule kutoka mlangoni hadi dirishani. Mama alishikilia kwamba ufa ule ulitokea siku ya milipuko ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, vyombo vilipodondoka kabatini. Fundi alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Bibi, huu ni mkubwa kuliko siku hiyo." Alituonyesha kwamba unafuata mstari ambapo kifusi cha awamu ya kwanza kinakutana na cha awamu ya pili, kisichoshindiliwa sawasawa. Alichotaka kujua ni kama ufa bado unaishi. Alipaka saruji nyembamba kuukatiza mahali pawili, akaandika tarehe kwa penseli. Wiki zile mbili zilipokwisha, saruji ile ilikuwa nzima. Ufa ulikuwa umelala. Akaupanua kwa tindo, akausafisha, akaujaza. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Hakuna mhenga aliyetuambia tuufunike.

Mambo yote hayo yalikuwa ya saruji. Lililokuwa gumu lilikuwa duara la tisa.

Duara hilo lilikuwa katika chumba cha mama. Baba alifariki mwaka 2013, akaoshwa katika chumba hicho. Wasiojua desturi zetu za pwani niwaeleze: chini ya kitanda cha kuoshea maiti huchimbwa shimo la kupokea maji, na shimo hilo huitwa ufuo. Katika nyumba ya udongo huchimbwa na kufukiwa bila shida. Katika nyumba ya saruji hupasuliwa sakafu kwanza. Siku ile vijana wa mtaa walipasua, wakachimba, na baada ya maziko wakarudisha mchanga na kuupiga saruji juu. Hakuna anayeshindilia udongo siku ya msiba. Kiraka kile kikawa na rangi yake, na mama akakitandikia mkeka wake wa kuswalia. Kwa miaka minane hakuna aliyekitaja.

Fundi alisema papasuliwe, pafukuliwe, pajazwe upya. Alisema hivyo bila kujua pana nini. Dada yangu, aliyekaa na mama tangu msiba ule na watoto wake wawili, alikataa palepale. Alisema chumba hicho kiachwe kama kilivyo. Nilidhani analia kwa ajili ya baba. Usiku aliniita uani, akaniambia lililomkaa rohoni. Nyumba ikishakuwa na marumaru, alisema, itakuwa nyumba ya kupangisha. Na ikishakuwa ya kupangisha, yeye na watoto wake watakuwa ndio walio katika njia.

Kesho yake kaka yetu mkubwa, aliyeko Morogoro, alipiga simu kwa hasira ya namna nyingine. Nani alimwomba yule wa Marekani aweke marumaru? Leo anaweka sakafu, kesho atasema nyumba ni yake, kwa kuwa risiti zote zina jina lake. Na mdogo wetu, nilipomfikishia habari kwa maneno laini kadiri nilivyoweza, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema alitaka tu mama aache kukanyaga vumbi la saruji.

Msomaji, hapo ndipo nilipoielewa ile nyundo ndogo. Nyumba yetu ilikuwa inalia ngoma mahali ambapo fundi hakugonga. Mirathi ya baba ilikuwa haijafunguliwa. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ilikuwa bado ina jina lake, sandukuni mwa mama. Kila mmoja wetu alikuwa na wazo lake juu ya nyumba ile, na mawazo hayo manne hayakuwahi kukaa chumba kimoja. Fedha za mapenzi zilikuwa zinataka kulazwa juu ya hayo yote, na zingependeza kwa miezi michache.

Nilimwomba fundi asimamishe kazi siku nne. Kaka akaja kutoka Morogoro, mdogo wetu akawa katika simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, na tukakaa ukumbini juu ya sakafu iliyodonolewa, maana viti vilikuwa nje. Tuliongea saa nyingi, na si yote yaliyosemwa ni ya kuandikwa. Aliyekata shauri alikuwa mama, aliyekuwa kimya mpaka hapo.

Alianza na duara la tisa. "Baba yenu tulimpeleka makaburini," alisema. "Humu lilibaki shimo la maji tu. Lifukueni, mlijaze kama inavyotakiwa. Mimi ndiye ninayelikanyaga, si nyinyi."

Kisha akasema la pili. Hataki kusikia marumaru za fulani. Kilichotumwa ni zawadi kwake, na mtu hadai zawadi aliyompa mama yake. La tatu lilikuwa la dada yetu: hakuna atakayemtoa humu yeye mama akiwa hai, na asipokuwapo hakuna atakayemtoa pasipo sisi wote kukaa kama tulivyokaa siku ile.

Tuliyaandika matatu hayo kwenye karatasi ya daftari, tukatia sahihi, na kaka akapewa kazi ya kuanza taratibu za mirathi katika Mahakama ya Mwanzo: muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo, majina ya warithi. Alikubali kupendekezwa kuwa msimamizi, nasi tulikumbushana, mbele yake, neno ambalo familia nyingi hulisahau: msimamizi wa mirathi hukusanya na kugawa kwa wenye haki, na usimamizi haumfanyi kuwa mwenye mali. Sisemi kwamba hasira zote ziliisha. Nasema zilitoka chini zikaonekana, na kitu kinachoonekana kinaweza kupimwa.

Fundi alirudi akafukua ufuo mpaka kwenye udongo mgumu, akarudisha kifusi kwa tabaka nyembamba, kila tabaka akiimwagia maji kidogo na kuishindilia, kisha zege, kisha akaliacha likomae wiki nzima kwa kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Kaka alishika kishindilio mwenyewe kwa tabaka la kwanza, bila kuombwa. Baadaye sakafu yote ilipimwa kwa rula ndefu ya alumini. Penye mwanya uliozidi milimita tatu chini ya rula ya mita mbili pakasawazishwa. Milango minne ikakatwa upande wa chini kidogo zaidi ya sentimita moja na nusu, kwa kuwa kigae na gundi yake huinua sakafu kiasi hicho. Ukutani pakaachwa nafasi ndogo ya kupumulia, itakayofichwa na vigae vya pembeni. Zege nayo hutanuka kwa joto: mita kumi za sakafu, joto likipanda nyuzi kumi, hurefuka kiasi cha milimita moja. Ni kidogo, lakini lazima ipate pa kwenda.

Marumaru zenyewe zililazwa kwa siku nne. Tulichagua zisizong'aa, kwa ajili ya miguu ya mama, aliyekuwa na miaka 79.

Kama nawe una sakafu ya zamani na fedha mkononi, nakushauri usianzie dukani. Igonge kwanza, usiku kukiwa kimya. Mwaga maji uone kama yananywewa. Bandika nailoni uone kama kuna kinachopanda. Kisha waulize wanaolala juu ya sakafu hiyo, kila mmoja peke yake, kwamba nyumba hii wanaionaje. Huenda ukajibiwa mambo ambayo gundi ya mfuko haiyawezi, na ni nafuu kuyasikia wakati sakafu bado iko wazi.

Mama aliziangalia marumaru zake siku ya kwanza, akashukuru, akamwombea dua mwanawe kwa simu. Asubuhi ya pili alilalamika kwamba zina baridi. Akautoa mkeka wake, akautandika mahali pake pa siku zote. Fundi alikuwa amekuja kuchukua malipo yake ya mwisho. Akapiga magoti, akagonga kwa kifundo cha kidole kando ya mkeka, akasikiliza, na akaondoka bila kusema neno.